Msitu wa Mvua na Milima ya Moto: Safari kutoka Gatwekera

Mtu akaaye Gatwekera, katika Kibera ya Nairobi, huamshwa asubuhi na nyundo za mafundi, na mlio wa maji yamiminwayo katika madumu. Reli iendayo Kisumu hupita karibu na milango ya watu. Ukimwambia mtu huyo kwamba anakaa katika nchi ya misitu na milima ya moto, atadhani unamfanyia mzaha. Lakini neno Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Mababu wa Wanubi wa leo, waliokuwa askari wa Keya kutoka Sudani, waliwekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya wakati ule ilitangaza rasmi mipaka ya mahali hapo, ekari 4,197. Mwaka 2017 wazao wao walipewa hati ya ardhi ya ekari 288. Msomaji mwenyewe na apige hesabu ya kutoa.

Ama kuhusu milima ya moto, mawe ya kijivu yanayojengewa nyumba nyingi za Nairobi ni majivu ya volkeno yaliyoshindiliwa na kushikana hapo kale. Vilima vya Ngong, vinavyoonekana upande wa magharibi mawingu yakiondoka, ni mabaki ya mlima uliokuwa ukitoa moto. Na mtu awashaye taa chumbani mwake usiku hutumia nguvu za volkeno bila kujua, kwa maana zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya mvuke huo yatoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981.

Hata hivyo wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kuitazama nchi ni kazi ya wageni. Hao ndio wapandao magari yenye paa la kufunguka, wakalala katika nyumba za mbugani kwa fedha ambazo mtu wa mshahara hathubutu kuzitaja mbele ya mkewe. Mwandishi wa habari hizi alikuwa na fikira hiyo hiyo, mpaka jirani yake mmoja, fundi seremala wa Gatwekera, alipomjia na shauri. Fundi huyo alizaliwa pande za Shinyalu, katika Kakamega. Mwanawe wa miaka 12 amezaliwa Kibera. Shuleni mtoto aliagizwa aandike insha juu ya msitu, naye akaandika juu ya mikaratusi sita iliyo kando ya reli. Fundi aliisoma insha ile akanyamaza, kisha akasema, "Ndugu, mtoto wangu asidhani kwamba huo ndio msitu. Twende naye." Basi tukaenda watu watatu, kwa basi na matatu na pikipiki, tukalala katika mabanda ya wageni yaliyo vijijini. Tunaeleza hapa tuliyoyaona na tuliyojifunza, ili mwenye nia kama hiyo asipotee njia.

Ondoka mchana wala si usiku, kwa sababu somo la kwanza laonekana kwa dirisha la basi. Baada ya Limuru nchi hukatika ghafula, na Bonde la Ufa likafunguka chini yako. Ardhi ya Afrika ya Mashariki inavutwa pande mbili polepole sana, milimita chache tu kwa mwaka. Mama apikaye chapati ajua kwamba donge likivutwa huku na huku, katikati huwa jembamba. Ndivyo ilivyo kwa gamba la dunia. Palipokuwa pembamba, mawe yaliyoyeyuka kwa joto la chini yalipata njia ya kupanda juu, yakafanya milima. Longonot ndio huo, mita 2,776, wenye kingo zilizopasuliwa na mifereji kama uso wa mzee. Jina lake ni la Kimasai. Tangu mwaka 1983 ni hifadhi ya taifa, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka Nairobi asubuhi, akapanda mpaka ukingoni, akalala kwake usiku. Mbele, juu ya mji wa Nakuru, upo Menengai, ambao kwa mbali hauonekani kuwa mlima hata kidogo. Hapo zamani kilele chake kilitumbukia ndani, kikaacha shimo lenye upana upatao kilomita 12. Mtoto aliuliza kama Menengai waweza kuamka tena. Jibu la kweli ni kwamba chini yake bado kuna moto, na ndiyo sababu watu wamechimba visima vya mvuke huko.

Jua lilikuwa limekwisha kushuka tulipofika Kakamega, nasi tulilala mjini. Asubuhi tukachukua matatu mpaka Khayega, na kutoka hapo pikipiki kupitia Shinyalu hadi Isecheno, mahali ilipo ofisi ya msitu.

Sasa, msitu wa mvua ni nini? Si kila mahali penye miti mingi paitwapo hivyo. Ni msitu ambao mvua yake haikomi kwa muda mrefu, ambao miti yake mirefu imeshikana vichwa hata jua lafika chini vipande vipande. Chini ya miti hiyo kuna miti mingine mifupi zaidi, na chini yake vichaka, na juu ya yote hiyo mimea inayoparamia wenzake. Hapo kale msitu wa namna hii ulitandaa kutoka Kongo, ukapita Uganda, ukafika huku kwetu. Miaka maelfu ikapita, hali ya hewa ikakauka, watu wakafyeka mashamba, na mkia wa mashariki ukakatika. Kakamega ndio mkia huo uliokatika: kisiwa cha msitu wa Kongo katika nchi ya mahindi na miwa. Kwa hiyo wako humo ndege na nyoka na vipepeo ambao huwezi kuwaona mahali pengine popote katika Kenya, maana jamaa zao wote wako Uganda na Kongo. Tulimwona pia ndege mmoja mkubwa wa rangi ya samawati mwenye kishungi cheusi kichwani. Alikuwa akirukaruka juu ya tawi kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Aina za ndege zilizohesabiwa humo ni zaidi ya 300.

Na mvua hiyo yatoka wapi? Yatoka Ziwa Viktoria. Jua huyapasha maji ya ziwa, mvuke hupanda, upepo huusukuma kwenye miinuko ya Nandi, nao ukipanda hupoa na kuanguka. Katika mwaka mmoja huanguka milimita zipatazo 2,000, karibu mara mbili ya mvua ya Nairobi. Kwa kawaida hunyesha alasiri. Mtu asiyejua hayo hulala mpaka saa tatu, akanywa chai kwa raha, kisha akaingia msituni saa nane na kutoka ameloa chapachapa. Sisi tuliamshwa na kiongozi saa kumi na moja alfajiri.

Mabanda ya wageni ya hapo Isecheno ni ya chama kiitwacho KEEP, ambacho kazi yake ni kuwafundisha watoto wa shule habari za msitu. Upande wa kaskazini, Buyangu, yako mabanda ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, maarufu kwa jina la Udo's. Kuna pia nyumba ya wageni ya Rondo, ya Wakristo, yenye bustani nzuri na bei ya kulingana na bustani hiyo. Banda la kawaida ni nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, yenye vitanda viwili au zaidi, na choo nje. Uliza mapema kama matandiko yapo, na kama hayapo chukua blanketi lako. Chukua unga, sukari, mafuta na kurunzi. Usiache chakula wazi, kwa sababu nyani wa huko wajua kufungua mlango. Na ukiona mstari mweusi wa siafu ukivuka njia, ruka. Usisimame kuustaajabia kama alivyofanya mwandishi.

Kulikuwa na jambo lingine, nasi hatukulifikiri tulipokuwa Nairobi. Shangazi yake fundi akaa mwendo wa nusu saa kutoka hapo. Alipopata habari kwamba mwana wa kaka yake amelala bandani kwa kulipa, alikuja mwenyewe asubuhi, mkononi ana kuku, usoni ana hasira. "Mwanangu," akasema, "mji wa baba yako umekosa nini hata ukalale kwa watu?" Fundi hakuwa na jibu. Mimi nilijaribu kusema habari za insha ya mtoto, nikaona nazidi kuharibu. Mwisho tulikata shauri kwamba usiku wa pili tutalala kwake. Mwenye jamaa karibu na mahali pa namna hii na apeleke habari kabla hajafika.

Njia ya msituni yafaa kutembewa na kiongozi, kwa kuwa macho ya mtu wa mji hayaoni kitu. Kiongozi wetu alitusimamisha mara kumi. Alituonyesha mbega weupe kwa weusi wakiruka kutoka mti hadi mti na mikia yao mirefu ikiwafuata, kisha kima, kisha mtini mnyongaji. Mti huo mbegu yake huachwa na ndege juu ya tawi la mti mwingine. Huteremsha mizizi chini, ukamkumbatia mwenyeji wake, na baada ya miaka mingi mwenyeji huoza akabaki mgeni amesimama peke yake, ndani mtupu kama bomba. Alituonyesha mti Waluhya wauitao mwiritsa, ambao ganda lake hununuliwa na wenye viwanda vya dawa wa Ulaya kwa ajili ya ugonjwa wa tezi ya wanaume wazee. Mti ukichunwa ganda kuuzunguka wote hufa. Tuliiona mingi yenye makovu.

Mbele ya mti mmoja mnene fundi alisimama bila kuambiwa. Ulikuwa ule ambao wenye kazi ya mbao huuita Elgon tiki. Aliugusa kwa kiganja, akaugonga kwa kidole. "Nililetewa mlango wa zamani wa mbao hii," akasema, "ukanivunjia msumeno. Sikupata kuuona mti wenyewe ukiwa hai." Mbao apigazo randa kila siku ni saipresi za mashamba ya serikali. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, bei ya mbao ilipanda hata akafunga karakana kwa muda. Mwaka 2023 Rais alitangaza kwamba katazo limeondolewa, na jambo likafikishwa mahakamani. Fundi aliwahi kulichukia katazo lile kwa moyo wote. Siku hiyo hakusema kwamba amebadili mawazo, nami sitamsemea. Alimwuliza tu kiongozi mti ule una miaka mingapi, akajibiwa kwamba ulikuwa mkubwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Msitu huu uliwekewa mipaka na serikali mwaka 1933, na sasa ni kilomita za mraba zipatazo 240, pamoja na vipande vilivyojitenga. Amri zake si za namna moja, na jambo hili huwakosesha watu wengi. Sehemu ya kaskazini ilifanywa hifadhi ya wanyamapori mwaka 1985, na humo hairuhusiwi kutoa hata kijiti. Sehemu iliyobaki i chini ya Huduma ya Misitu, na huko mama aliyelipa ada aweza kukusanya kuni zilizokauka na kuanguka. Panga haliruhusiwi. Tangu sheria ya misitu ya mwaka 2005 wananchi waishio kando ya msitu wana haki ya kufanya chama na kushirikiana na serikali katika kuutunza. Shangazi ni mmoja wa hao wenye kununua kibali. Alituambia kwamba zamani alipata mzigo wa kuni kwa saa moja, na siku hizi humchukua asubuhi nzima.

Kilima cha Lirhanda, ambacho kutoka juu yake msitu wote huonekana, kina shimo refu ubavuni. Shimo hilo ni la dhahabu. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana katika Kakamega, na Wazungu wengi walimiminika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi yao ni yao daima, lakini mwezi wa Desemba 1932 ilibadilishwa upesi ili sehemu zake ziweze kutwaliwa kwa machimbo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu katika wilaya hizo, na katika shimo la Lirhanda wamebaki popo. Kiongozi alitukataza kuingia, na sababu yake tuliielewa vizuri siku mbili baadaye.

Kutoka Kakamega tulipanda matatu kupitia Webuye mpaka Kitale, na kutoka Kitale mpaka Endebess. Lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon halipo mbali na hapo. Fedha taslimu hazipokelewi langoni. Ada hulipwa kwa simu kabla ya kuingia, na raia hana budi kuonyesha kitambulisho chake ili atozwe bei ya raia. Mwandishi alikuwa amekiacha chake katika mfuko wa koti jingine bandani, basi pikipiki ikarudishwa mjini na saa mbili zikapotea. Tulilala katika mabanda ya Kapkuro, ndani ya hifadhi. Baridi ya huko si mchezo.

Elgon hauonekani mrefu kama Kirinyaga, kwa sababu umetandaa. Tako lake lina upana wa kilomita zipatazo 80. Ni mlima wa moto uliozimika, na wataalamu husema umri wake wapita miaka milioni 20. Kilimanjaro mbele yake ni mtoto. Kilele kirefu, Wagagai, mita 4,321, ki upande wa Uganda. Mpaka wa nchi hizi mbili hupita mlimani, na ukoo mmoja wa Wasabaoti waweza kuwa na watu huku na huku.

Jambo la ajabu la mlima huu ni mapango yake. Kubwa lililo maarufu ni Kitum, ambalo lapenya ndani ya mlima karibu mita 200. Volkeno ilipokuwa hai ilirundika majivu yenye chumvi, yakawa mwamba laini. Wanyama walao majani hawapati chumvi ya kutosha katika chakula chao, hasa mahali penye mvua nyingi, ambapo chumvi ya udongo huoshwa. Kwa hiyo tembo wa Elgon huingia pangoni usiku, mmoja nyuma ya mwingine, gizani kabisa, wakipapasa kwa mikonga. Wakifika ndani huuchimba ukuta kwa meno yao, wakasaga mawe na kuyameza. Hakuna mahali pengi duniani ambapo tembo huchimba mgodi. Alama za meno zaonekana ukutani, mistari mirefu kama ya patasi. Fundi alisema kwamba kazi hiyo ni safi kuliko ya wanafunzi wake wawili.

Mtoto alitaka kukimbia ndani. Askari wa wanyamapori, aliyetusindikiza na bunduki kwa ajili ya nyati, alimshika bega. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafa. Ni ugonjwa wa jamii moja na Ebola. Yule wa kwanza alifikishwa Nairobi, na daktari aliyemtibu, Shem Musoke, naye akaambukizwa, lakini akapona. Kwa miaka mingi haikujulikana ugonjwa huo hujificha wapi. Baadaye wataalamu waliokuwa wakichunguza mapango ya Uganda waliwaona virusi wake katika popo wakubwa walao matunda, na habari hizo zilitangazwa mwaka 2009. Mwaka 2017, katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huu huu, watu watatu walikufa kwa homa hiyo. Wa kwanza wao alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo.

Haya hayaelezwi ili kumtisha mtu asiende. Watu wengi wameingia Kitum wakatoka salama. Lakini ni vizuri kusimama mdomoni mwa pango, mahali penye mwanga na upepo, ukatazama hapo. Usiguse ukuta wenye mavi ya popo, usimshike popo aliyeanguka, na usile matunda yaliyotafunwa. Na mtu aliyeingia pangoni akipata homa kali katika muda wa wiki tatu, na amwambie daktari kwa kinywa chake, "Niliingia katika pango la popo," kwa sababu bila neno hilo atatibiwa malaria. Tulisimama mdomoni. Mtoto alikasirika mpaka tulipomwonyesha kinyesi cha tembo cha usiku uliopita.

Jioni, tukiota moto, mzee mmoja wa hapo alitueleza habari za Waogiek wa Chepkitale, waishio juu mlimani na ng'ombe wao. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi bila wao kuulizwa, na mara kwa mara wakafukuzwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya ardhi katika Bungoma ikawapa haki. Fundi alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza habari za tembo. Nyumba yake ya Gatwekera iliwahi kuchorwa alama nyekundu ya X, naye ajua maana ya kulala usiku ukingoja tingatinga. Alimwuliza mzee walishindaje. Mzee akamjibu kwamba waliandika kila kitu: majina ya mito, ya mapango, ya makaburi, na ya nani alichunga wapi.

Mabasi ya kurudi Nairobi huondoka Kitale asubuhi na jioni. Mwenye mtoto na achague la asubuhi, kwa maana basi la jioni hupita Timboroa usiku wa manane, na baridi ya Timboroa hupenya blanketi mbili.